Tanga: Tunaamriwa kukata miti vichwa, na kijana akianguka hana mwajiri

Wakuu, salaam. Nimekasirika na nitaandika nikiwa hivi hivi. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la kilimo. Hapa naongelea kazi na watu.

Nasimamia kikosi cha miti na bustani hapa Tanga mjini. Ni wale mnaowaona alfajiri na mafyekeo, reki na matoroli kwenye vipilefti, kando ya barabara za Chumbageni, njia ya kwenda Raskazone, na Ngamiani kwenye barabara za namba. Tuko chini ya mkandarasi. Jina lake sitalitaja, wala la ofisi iliyompa kazi, maana nikitaja mtaanza kubishana kuhusu jina na kuliacha jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni amri ya kukata kichwa.

Simu inaingia: "Mzee, ile safu ya miarobaini ishushe yote, usawa mmoja." Si kupogoa, wala kuondoa tawi kavu au lile lililoegemea paa la mtu. Mti mzima unakatwa juu unabaki gogo lenye ncha tatu nne, halafu tunapigwa picha kwamba kazi imefanyika. Nimeuliza kwa mdomo na nimeuliza kwa maandishi kwa nini. Jibu ni lile lile kila mara: mti mrefu ni hatari, utaangukia watu. Tangu Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotangazwa na pwani yote ikaambiwa ijihadhari, hofu hiyo imekuwa tiketi ya kukata chochote kilichozidi urefu wa nguzo ya taa.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Mti ukiukata kichwa haupungui hatari, unaongezeka. Majani ndiyo chakula chake. Ukiyaondoa yote siku moja, unaingia katika njaa na unatoa machipukizi kwa pupa kuzunguka pale ulipokatwa. Mwarobaini ndio hodari kabisa, baada ya misimu miwili ya mvua una fimbo ishirini zinazopanda juu moja kwa moja. Fimbo hizo hazijashikwa ndani ya mbao kama tawi lililokua na mti tangu mwanzo, zimeota kwenye tabaka la juu tu. Na chini yake kuna kidonda kipana kama sinia ambacho mti hauwezi kukifunga, kwa hiyo maji yanaingia na ubao unaoza kwenda chini. Miaka michache baadaye fimbo zimenenepa, zina uzito, na zimekaa juu ya ubao uliooza. Kusi likivuma ndipo zinapochanika na kumwangukia mwenye bodaboda. Halafu tunaitwa tena tukate kichwa tena, na mara hii tunapanda juu ya mti uliooza.

Mvinje ni mbaya zaidi. Ukikatwa kichwa mara nyingi hauchipui, unakauka umesimama. Mkakaya, huu wenye maua mekundu, ubao wake ni mwepesi na ukishaoza unavunjika bila kukuonya.

Kupogoa kunajulikana na hakuhitaji mtaalamu wa kutoka nje. Tawi zito unalikata mara tatu. Kwanza unaingia kwa chini, kama futi moja kutoka kwenye shina, usimalize. Pili unakata kwa juu, mbele kidogo ya ule mkato wa chini, tawi linadondoka bila kuchana gome la mti. Tatu unaondoa kile kigingi kilichobaki, unapita nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi linakutana na shina. Huo uvimbe usiuguse, ndiko mti unakofungia kidonda. Usipake rangi wala oili chafu. Na kwa msimu mmoja usizidishe robo ya majani yote ya mti. Vijana wangu wanayajua haya, tumefundishana wenyewe kwa wenyewe. Mpeni mmoja wao chenso yenye mnyororo mkali na asubuhi moja, atawaonyesha mkungu uliopogolewa mpaka mtauliza kama umeguswa.

Kwa nini basi hatuachiwi tufanye hivyo? Hesabu ya tripu. Kazi inapimwa kwa tripu za Fuso. Mti uliopogolewa vizuri unakula nusu siku na kutoa mzigo wa kujaza toroli chache. Mti uliokatwa kichwa unajaza gari. Na magogo yale manene hayafiki dampo, nasema kwa sababu mimi ndiye ninayesimamia kuyapakia. Yanashushwa njiani, yanauzwa kuni. Mti ambao watu wamekaa kivulini mwake tangu wakiwa shule ya msingi unaondoka kwa bei ya kuni.

Nije kwa watu.

Kijana wangu mmoja alianguka. Alikuwa juu ya mwarobaini uliowahi kukatwa kichwa zamani, amekanyaga moja ya zile fimbo nilizoeleza, ikang'oka na kipande cha ubao mweusi uliooza. Mkanda wa usalama hakuwa nao, kikosi kizima hatuna hata mmoja. Alikuwa amejifunga kamba ya katani kiunoni, kamba ya kufungia mizigo, ikamgeuza kichwa chini kabla haijakatika. Amevunjika nyonga na mkono. Chenso ilikuwa imezimwa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Nilipopiga simu ofisini, swali la kwanza niliulizwa ni kama mti ulikuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Swali la pili, kama kijana ni "wetu". Maana yao: ana mkataba? Hana. Vijana na akina mama wote wanaofagia na kufyeka wanaitwa vibarua, wanasaini daftari jioni na kuchukua hela mkononi. Wengine wamefagia barabara ile ile kwa miaka na bado wanaitwa vibarua. Hospitali tulilipa kwa mchango. Bi mkubwa mmoja anayefagia upande wa Bombo alitoa ujira wake wote wa siku hiyo, akaniambia, "Mwanangu, leo yeye, kesho mimi." Sikuwa na la kumjibu.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na avitoe bure. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko ambao mwajiri anauchangia, mwajiri mwenyewe, si kwa kumkata mfanyakazi. Sasa mkandarasi anasema vibarua si wake, ni wa msimamizi anayewaita asubuhi, yaani mimi! Mimi ninayelipwa naye! Na ofisi iliyotoa kazi inasema ilishamkabidhi mkandarasi. Katikati ya hao wawili amelala mtoto wa watu na nyonga iliyovunjika.

Kuna mengine, nayapitia haraka. Wenye fremu mnaomwagia chumvi na maji ya moto kwenye shina kwa sababu mti unaziba bango lenu, tunawajua. Mti ukifa mnakuja kwangu mnasema "ng'oa, ni hatari". Wachimba mitaro ya mabomba na nyaya mnakata mizizi ya upande mzima na kufukia, kwa sababu mizizi mingi ya mti haiendi chini sana, iko hapo hapo juu juu mnapochimba. Mti unasimama unaonekana mzima, kusi likija unalala barabarani, na anayeulizwa ni mimi. Wanaopigilia misumari ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga, tumegonga misumari hiyo tukikata mpaka meno ya chenso yameisha.

Na upandaji. Kila halmashauri nchini ilipewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba mche ukishafukiwa na picha ikapigwa, hesabu imefungwa. Masika ikiisha hakuna boza la maji. Tuna ndoo. Miche inabaki na jua na mbuzi, na ile inayopona inakuja kuuawa na mashine zetu wenyewe za kukatia majani, kwa sababu anapewa kibarua wa jana asiyeelekezwa, ule uzi wa nailoni unakwangua gome kuzunguka mche, na mche uliokwanguliwa pande zote unakufa. Nimeomba vigingi na matandazo ya kuzungushia kila mche ili mashine isisogee karibu. Sijapewa. Chokaa ya kupaka mashina wageni wakija haijawahi kukosekana.

Najua atakuja mtu aseme "acha kazi kama huipendi". Naipenda kazi hii. Najua kila mti kwenye eneo langu, najua upi una nyuki, upi una shimo, upi unatakiwa uondoke kweli kwa sababu umekufa ndani na upo juu ya njia ya wanafunzi. Miti hiyo michache ya hatari halisi nimeiandikia orodha ofisini nikaomba ikatwe kwa utaratibu, na barabara ifungwe. Orodha imekaa, wakati tunapelekwa kukata vichwa vya miti mizima. Niondoke, aje atakayekata bila kuuliza?

Wiki ijayo tumepangiwa safu nyingine. Nimesema kikosi changu hakipandi bila mikanda na helmeti, na nimesema kwa maandishi. Nimejibiwa kwamba watatafutwa wengine, na kwa njaa iliyopo watapatikana.

Naomba msaada kwa anayejua sheria za kazi, mwanasheria au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kijana alikuwa anasaini daftari la mkandarasi, nina picha za kurasa zenye jina lake, tarehe na kiasi alicholipwa. Je, hiyo inatosha kumtambulisha kama mwajiriwa wa mkandarasi mbele ya mfuko wa fidia? Dai linafunguliwa na nani ikiwa mwajiri anakana? Naomba majibu hapa hapa uzini, wenzangu wa mikoa mingine nao wayaone.