Mjadala: Dawa za virusi zinazolenga sukari za seli zikija kujaribiwa Kanda ya Ziwa, tuzipokee?

Mtoa mada

Wakuu, homa kali ya virusi vya Marburg imeipiga Kagera mara mbili: Machi 2023 upande wa Bukoba Vijijini, kisha Januari 2025 Biharamulo. Mara zote hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa, na kutoka Bukoba hadi hapa Mwanza ni usiku mmoja wa meli. Mwaka huohuo wa 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York wakachapisha habari za viambata vinavyong'ang'ania sukari zilizo juu ya virusi vya koo mbalimbali, ambazo virusi hutengenezewa na seli zetu na huzitegemea kuingia mwilini. Hadi sasa ni kazi ya maabara na panya. Siku wakitafuta binadamu wa kujaribia, mimi nasema tuzipokee.

Kazi yangu ni maabara. Kila siku naweka tone la damu kwenye kigae cheupe, nadondoshea dawa ya kupimia kundi A, nakoroga kwa kijiti, natikisa polepole. Dakika haijaisha, damu ya kundi A imeshakatika punje punje kama uji ulioingia mabonge. Kinachoshikwa pale ni sukari: A na B wanatofautiana kwa sukari moja tu, iliyo kwenye ncha ya mnyororo juu ya chembe nyekundu. Seli zetu zote zimevaa sukari za namna hiyo, na virusi vimezigeuza ngazi ya kupandia. Kirusi cha mafua hushika sukari iitwayo asidi ya siali. Cha malengelenge ya mdomoni huanzia kwenye mnyororo wa sukari uitwao heparani salfeti. Kirusi cha mafua hubadilika kila msimu, lakini sukari ni zetu, hazibadiliki kumfuata. Hapo ndipo pa kumkabia.

Mchangiaji, Nyakato

Dada, hapo pa "sukari ni zetu" ndipo penye hofu yangu. Hiyo heparani salfeti inasaidia damu isigande ovyo mishipani. Ukiifunika ili kirusi kikose pa kushika, kazi yake nyingine ataifanya nani? Hata protini ya ndizi inayoshika sukari za VVU ilifanya vizuri maabarani, ila ilikuwa inachokoza seli za kinga, mpaka wanasayansi wakaibadilisha kidogo. (Ndizi ya kula haitibu virusi, tafadhali mtu asiondoke na hilo.)

Mchangiaji, Igoma

Mwanangu, Mwanza tulishapita huko. Jeli ya PRO 2000 ya kukinga VVU iliiga chaji hasi ya hizo sukari unazozisema. Walishiriki wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na Tanzania, na hapa kwetu walikuwa wa baa, nyumba za wageni na mama ntilie. Desemba 2009 majibu yakatoka: haikingi. Jeli ya selulosi salfeti, ya jamii hiyohiyo, ilisimamishwa 2007 kwa hofu kwamba inaongeza maambukizi. Miili iliyojaribiwa ni ya nani? Ya wasio na kitu.

Mtoa mada

Mama, nakubali, na neno lako la mwisho limenikaa. Lakini ni wanawake walewale waliotupa jibu la "haikingi". Bila wao jeli ile ingeuzwa madukani kwa matumaini tu. Ninachodai ni kwamba safari hii washiriki wasomewe majibu kwa Kiswahili kabla hayajafika magazetini, na atakayedhurika atibiwe bila kudaiwa senti.

Ndugu wa Nyakato, hofu yako ni ya haki, ila pima muda. Jeli ilitumika mwezi baada ya mwezi. Oseltamivir ya mafua, inayozuia kimeng'enya ambacho kirusi hukatia asidi ya siali ili kitoke kwenye seli, mgonjwa humeza siku 5 tu. Kumfunika mtu sukari zake kwa siku chache, huku damu yake ikipimwa kuganda kila asubuhi, si sawa na kumfunika mwaka mzima. Kwa matumizi ya kila siku hata mimi nitakataa.

Kuna aliyefuatilia watu kule Biharamulo? Mtu aliyemuuguza ndugu yake, anahesabu siku zake 21 hajui ataamka na homa au la: angeletewa dawa ya majaribio ya namna hii, angesemaje?