Kikundi cha Familia, Chumbageni: Lifti ya Ba'mdogo

Shangazi 19:02
Assalam alaykum familia. Mchango wa lifti ya kuinulia magari ya gereji umefika shilingi 6,400,000, Mungu awabariki. Amebaki mmoja tu, ameahidi mwisho wa mwezi. Sasa Ba'mdogo, mwenye gereji, atuambie anataka ipi. Sitaki tununue kwa macho.

Kaka Muscat 19:06
Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi, shikamoo Ba'mdogo. Huku kuna mtu anahama nyumba, anauza lifti ya nguzo nne. Bei ameshusha sana. Umeme wa huku ni wa herizi 50 kama wa kwetu, kwa hiyo mota haitasumbua. Naweza kuipakia kwenye kontena la jamaa wa Dar.

Kaka Muscat 19:06
[Picha 3]

Shangazi 19:09
Marahaba mwanangu. Imekaa vizuri, inaonekana imara kama daraja.

Ba'mdogo 19:31
Marahaba. Nawashukuru wote, sijui niseme nini. Hiyo ya nguzo nne ni nzuri, gari unaipandisha kwa tairi zake, inasimama kama iko barabarani. Kwa mtu wa kumwaga oili na kuangalia eksozi, au mwenye magari mawili na nafasi ya moja, hana haja ya kutafuta nyingine. Lakini kazi zangu mnazijua. Bushi, boljointi, shokapu, beringi za tairi. Gari kumi zikija, nane tairi lazima zitoke. Ikikanyaga tairi juu ya lifti, nitahitaji tena jeki ya kuinulia gari juu ya lifti. Mimi nataka nguzo mbili, inayoshika gari tumboni, tairi zote nne zinaning'inia.

Dada Dodoma 19:34
Shikamooni wakubwa. Ba'mdogo, na shimo je? Si mlitaka kuchimba shimo mwaka juzi? Ni rahisi kuliko zote.

Ba'mdogo 19:40
Marahaba mama. Shimo nimefanyia kazi miaka kumi na moja kule nilikoajiriwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa mle mle shimoni ulipo wewe. Cheche moja ya taa basi. Na hapa kwetu ukichimba mita moja na nusu wakati wa masika unachota maji. Shimo hapana.

Mamdogo 19:52
Niseme kitu ambacho mwenzangu hajawaambia, kwa sababu watu wametoa pesa na wana haki ya kujua kwa nini nililia siku ile nilipompigia Shangazi.
Wiki tatu zilizopita kulikuwa na gari, Noah, humu bandani. Ameipandisha kwa jeki, chini ameweka matofali mawili mawili, yale ya inchi sita. Alikuwa amelala chini yake tangu saa nne. Akatoka kuja kuniuliza spana ya 17 kama mtoto ameichezea. Hajafika mlangoni nikasikia kishindo. Tofali moja lilipasuka katikati, gari ikakaa chini kwenye diski. Kipande cha kadibodi alichokuwa amelalia kilikuwa bado kina alama ya mgongo wake, na gari juu yake.

Shangazi 19:54
Inna lillahi. Na wewe ukaniambia ni mgongo tu unamuuma!

Kaka Muscat 19:55
Ya Rabi. Ba'mdogo.

Ba'mdogo 20:10
Ni kweli. Sikutaka Mama asikie. Tofali linabeba uzito likiwa limelala sawasawa, likipata ncha linapasuka bila kutoa taarifa. Hilo nawafundisha vijana kila siku, na siku ile nilikuwa na haraka.

Bibi 20:21
[Ujumbe wa sauti, umeandikwa na Kitinda]
Nimesikia. Mimi si mtoto wa kufichwa. Mwanangu, kuanzia leo usilale chini ya gari lililokaa juu ya matofali. Wateja waambie mama yako amekataa. Lifti chagueni nyinyi wasomi, mimi nataka kujua kitu kimoja: hiyo lifti yenyewe ikiharibika mtu akiwa chini, inaanguka au haianguki?

Dada Dodoma 20:24
Bibi ameuliza swali lenyewe.

Ba'mdogo 20:38
Shikamoo Mama, nimekubali. Kesho asubuhi nanunua stendi nne za chuma, zile za kufunga kwa pini, kabla hata ya lifti. Pesa yangu, si ya mchango.
Sasa swali lako. Oili ndiyo inayosukuma gari juu, lakini si oili inayotakiwa kulishika. Ndani ya kila nguzo kuna ngazi ya chuma na ulimi wa loki. Lifti ikipanda unasikia tak, tak, tak, ule ulimi unaingia kila kidato. Ukifika unapotaka, unashusha kidogo mpaka gari likae juu ya loki zote mbili, kushoto na kulia. Hapo hata mpira wa oili ukipasuka, gari halisogei. Fundi anayepita chini ya gari lililoshikwa na oili peke yake ni sawa na anayelala chini ya jeki.
Na kuna waya wa chuma unaounganisha pande mbili ili zipande pamoja. Ukilegea, upande mmoja unatangulia.

Bibi 20:44
[Ujumbe wa sauti]
Basi hizo loki ndizo mzikague kwanza. Rangi baadaye.

Kitinda 20:50
Shikamooni wote. Kaka, hebu tupigie picha ya karibu ya waya na ya kile kibao cha tani.

Kaka Muscat 21:17
Nimerudi kwake sasa hivi. Kibao hakipo, kimebanduliwa. Kitabu hana. Waya huu hapa.

Kaka Muscat 21:17
[Picha 1]

Ba'mdogo 21:20
Ikuze hiyo picha pale waya unapopita kwenye kapi. Unaona nyuzi tatu zimekatika zimesimama kama mwiba wa samaki? Na kutu imeingia ndani. Ya bahari hiyo. Asante mwanangu, mwache na lifti yake. Lifti isiyo na kibao hujui ni ya tani ngapi, na isiyo na kitabu hujui inataka sakafu gani.

Kaka Muscat 21:22
Nimekuelewa. Mchango wangu uko palepale.

Dada Dodoma 21:30
Hapo kwenye sakafu ndipo ninapotaka niingie mimi, kazi yangu ni zege. Ba'mdogo, lifti ya nguzo mbili haikai kama meza. Chukua ndoo iliyojaa maji, inyooshe mbele kwa mkono ulionyooka. Mwili wote unataka kwenda mbele, si ndiyo? Unachokizuia ni kisigino. Nguzo nayo ni hivyo hivyo: mikono imenyooka ndani kushika gari, nguzo inataka kuinamia ndani, na boliti za nyuma ndizo zinazong'ang'ania chini. Kama zege ni nyepesi boliti zinatoka na donge lake. Jamvi la banda, hiyo zege ya sakafu, mlimwaga lini na kwa vipimo gani?

Ba'mdogo 21:36
Alimwaga fundi wa mtaani, kama 2014. Vipimo sikumbuki. Lilikuwa jamvi la kawaida la kuegesha gari.

Dada Dodoma 21:41
La kawaida maana yake huenda ni 1:3:6, yaani saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita. Kitinda, kesho toboa tundu moja la milimita 10 pale nguzo itakapokaa, upitilize mpaka kwenye udongo. Chukua waya mgumu, kunja ncha iwe ndoana, ingiza, ivute juu mpaka ikwame chini ya zege, weka alama kwa kidole, pima. Na unipimie kimo cha banda. Usikadirie.

*Siku ya pili*

Kitinda 10:12
Shikamoo dada. Nimetoboa mawili. La kwanza zege ni sentimita 7, la pili 8. Tindo ilipita kama kwenye biskuti, vumbi limetoka jeupe na mchanga mwingi. Kuna ufa kutoka kwenye mfereji mpaka karibu na mlango.
Kimo: upande wa chini wa bati, mita 2.95. Upande wa juu, mita 3.40 mpaka chini ya boriti.

Kitinda 10:13
[Picha 4]

Ba'mdogo 10:20
Na stendi nne hizi hapa. Zimeshaanza kazi.

Ba'mdogo 10:20
[Picha 1]

Bibi 10:26
[Ujumbe wa sauti]
Mungu akuweke, mwanangu.

Dada Dodoma 10:48
Marahaba. Sentimita 7 haifai hata kidogo. Vitabu vingi vya lifti hizi vinataka angalau inchi 4 za zege ngumu, vingine inchi 6 au zaidi, na boliti ikae mbali na ufa na ukingo. Hapo tunavunja. Tunakata kipande kimoja cha mita 4 kwa 2, nguzo zote mbili zikae juu ya kipande hicho hicho, kina sentimita 20, na wavu wa nondo. Hiyo ni mita za ujazo 1.6. Kwa ndoo 1:1:2, saruji ni kama mifuko 18. Maji kidogo. Fundi akitaka zege iteleze kama uji ili apumzike, mnirudishie simu.

Shangazi 10:53
Mifuko 18 na nondo na kokoto, hizo zinatoka kwenye mchango?

Dada Dodoma 10:55
Zinatoka, Shangazi. Sakafu ni sehemu ya lifti. Mkinunua lifti ya gharama mkaifunga kwenye biskuti, mmenunua hatari.

Shangazi 10:58
Nimeandika. Sakafu kwanza.

Kaka Muscat 11:15
Na kimo? Nimeona kuna aina mbili: yenye boriti juu inayounganisha nguzo, na yenye sahani chini.

Ba'mdogo 11:34
Yenye boriti juu ndiyo naipenda, chini kunabaki wazi, unasukuma kitoroli cha giaboksi bila kugonga kitu. Lakini nyingi zinataka kama mita 3.6 na kuendelea. Hapa haziingii. Yenye sahani chini ina kimo cha mita 2.8 hivi, waya na mpira wa oili vinapita sakafuni chini ya bati nene, unakuwa na kituta cha kuruka kila ukipita. Nitakizoea.
Sasa hesabu. Noah ina mita 1.85 hivi. Toa kwenye 3.40, inabaki 1.55. Acha sentimita 10 za usalama, inabaki 1.45. Mimi nina mita 1.70. Nitafanya kazi nimeinama au nimekaa kwenye kigoda. IST nitaipandisha zaidi, ni fupi.

Mamdogo 11:37
Mgongo huo huo unaouma uinamishwe tena?

Dada Dodoma 11:42
Tukiongeza kozi mbili za tofali ni nusu mita. 3.40 inakuwa 3.90, Noah inapanda mpaka mwisho na wewe unasimama wima. Si lazima iwe mwaka huu. Lifti ya sahani chini inafanya kazi kabla na baada ya kuinua bati.

Ba'mdogo 11:44
Hapo umenena. Kigoda nakiweza mpaka msimu ujao.

Kitinda 12:20
Nimepiga simu kwa muuzaji wa Dar. Anayo ya tani 4, sahani chini, mota ya kilowati 2.2. Anasema iliyopo dukani ni ya umeme wa njia tatu (three-phase), ya njia moja (single-phase) ni ya kuagiza. Anatushauri tuchukue ya njia tatu kisha tuombe umeme mwingine.

Ba'mdogo 12:29
Hapana. Luku yetu ni ya njia moja, na mota za njia moja zipo. Tutasubiri. Ile tani 4 inatosha, Prado haifiki hata tani 2 na nusu. Ila kumbukeni inagawanywa kwa mikono minne, kila mkono tani moja. Hiace yenye mizigo nyuma sipandishi mpaka mwenyewe ashushe magunia yake.
Umeme nitavuta waya wake peke yake kutoka kwenye mita, wa milimita 4, na swichi yake. Jioni hapa kwetu umeme unashuka, mota ikianza kuguna naacha.

Mamdogo 12:33
Umeme ukikatika gari liko juu?

Ba'mdogo 12:37
Linabaki juu ya loki, salama. Kulishusha ndiyo kazi, kwa sababu lazima kwanza lipande kidogo ndipo ulimi utoke. Mteja atasubiri umeme urudi. Nitamwambia kabla sijapandisha.

Kitinda 12:41
Nimemuuliza pia vitu vinne: kibao cha tani, kitabu, loki za pande zote mbili zifunguke kwa liva moja, na kufuli za mikono. Kibao na kitabu amesema vipo. Liva moja amesema ipo. Kufuli za mikono hakujibu.

Ba'mdogo 12:43
Hizo kufuli ndizo zinazozuia mkono kuzunguka ukiwa umebeba. Bila hizo sinunui. Mwambie atume video, ausukume mkono kwa mguu lifti ikiwa juu.

Kitinda 15:08
[Video, sekunde 22]

Ba'mdogo 15:16
Nimeitazama mara tano. Hausogei. Shangazi yao, hiyo ndiyo.

Shangazi 15:20
Alhamdulillahi. Natuma nusu, nusu ikifika mzigo na kibao chake kionekane. Risiti naiweka hapa hapa kwenye kikundi.

*Wiki mbili baadaye*

Mamdogo 17:40
Zege imemwagwa leo, imeisha saa tisa. Kitinda amekoroga mpaka mikono imevimba. Nimeifunika magunia na nitaimwagia maji asubuhi na jioni.

Mamdogo 17:41
[Picha 2]

Dada Dodoma 17:55
Nzuri sana. Nimeona wavu wa nondo umeinuliwa vizuri, haukulala chini. Sasa siku 28. Hata lifti ikifika kesho, boliti haiingii mle.

Ba'mdogo 18:02
Nimeandika ukutani kwa chaki: IMEMWAGWA 14 JUNI. KUTOBOA 12 JULAI. Na chini yake Mama ameniambia niandike jina lake, ili kijana yeyote akitaka kuwahi aende akamwombe yeye ruhusa.