Mashine ya gemu ya Kijapani ya volti 100: naiwashaje kwa umeme wa kwetu?

mkazi_uyole:
Wakuu habari za humu. Nimepata mashine ya gemu ya Kijapani, ile ya kukalia stuli, imeshafika Mbeya. Kibati cha nyuma kimeandikwa AC 100V. Ndani kuna konekta ndefu ya JAMMA (ile ya kuchomekea bodi ya gemu), pawa saplai yenye kiswichi cha 115/230 na kioo cha chogo cha inchi 26. Bodi ya gemu haipo. Aliyeniuzia anasema nigeuze kiswichi kiwe 230 nichomeke ukutani. Ni sawa? Na kioo kikiwa kimekufa, niweke TV flati?

fundi_chogo_IR:
Mkuu, usichomeke! Kile kiswichi ni cha pawa saplai peke yake. Kioo na taa ya bango la juu vinakula 100 moja kwa moja. Ukivipa 230, ukiwa na bahati inaungua fyuzi tu. Bila bahati, kapasita kubwa ya kuchuja inapasuka na transista ya hozontali inaifuata.

Tafuta transfoma ya kushusha, VA 500 au zaidi (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma). Mashine yenyewe haili hata wati 200, lakini koili ya kusafisha rangi huvuta umeme mwingi kwa ghafla unapowasha, na transfoma ndogo inalegea. Soma kibandiko vizuri: nyingi za madukani zinatoa 110. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 245, hiyo ya 110 inatoa 117, na kioo cha 100 hakitadumu. Kiswichi cha saplai kiache kwenye 115.

Halafu transfoma hizi za bei rahisi hazitenganishi umeme wake na ule wa ukutani. Kama ndani ya kabati kuna transfoma ya kutenganisha kwa ajili ya kioo, usiivue kamwe, la sivyo chasisi nzima inakuwa na umeme.

Usiweke bodi kwanza. Washa, pima kwenye konekta: pini 1 na 2 ni graundi, 3 na 4 ni volti 5, 6 ni volti 12. Ukishapata bodi, pima tena volti 5 kwenye bodi yenyewe, si kwenye saplai. Inatakiwa 5.0 hadi 5.1. Ikishuka chini ya 4.8 gemu itajizima na kujiwasha, na mara nyingi kosa ni kutu ya pini. Futa kingo za bodi kwa raba ya penseli, kisha spiriti.

mamaTube:
Kabla ya kukihukumu kioo, chungulia shingoni kwa tochi. Pale ndani pana doa la fedha linalong'aa. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, kioo hicho basi tena. Hutokea sana shingo ikigongwa njiani. Likiwa bado linang'aa, washa utazame kama shingo inawaka rangi ya chungwa. Inawaka lakini picha hakuna? Pandisha kidogo kitufe cha SCREEN kwenye flaibeki (transfoma inayokipa kioo volti kubwa). Ukiona mstari mmoja wa kulala katikati, ni upande wa vetiko (unaotandaza picha juu na chini): badilisha kapasita zake kabla ya kununua IC (chipu) yake.

Usiguse kofia ya anodi (ile ya mpira juu ya tyubu, yenye waya mnene wa flaibeki) kabla ya kuitoa chaji. Zima, chomoa, funga waya kutoka kwenye chuma cha bisibisi hadi waya wa graundi unaozunguka tyubu, kisha ingiza ncha chini ya kofia kwa mkono mmoja. Pale panakaa zaidi ya volti 20,000.

TV flati nyingi hazitaipokea hiyo RGB ya 15 kHz (picha inayotoka kwenye bodi ya gemu) bila konveta, na mashine inapoteza utamu wake wote. Afadhali TV ya chogo na Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya kuchezeshea gemu) kupitia AV. Ila angalia kebo: kwenye Pi, picha inatoka sehemu ya pini iliyo karibu kabisa na waya wa kebo, na graundi ndiyo inayofuata. Kebo za kamera nyingi zimegeuzwa.

mbao_mafinga:
Akiamua njia ya Pi, naongeza la mbao. Plaiwudi ya mm 18 inafaa kwa pembeni, lakini usiitumie hivyo hivyo kwenye paneli ya vitufe. Vitufe vya Kijapani vya mm 30 vya kubana havishiki kwenye ubao mnene, na joistiki inabaki fupi. Chimba upande wa chini hadi ubaki mwembamba wa kubanika, au chukua vitufe vya nati. Ubao ukauke kwanza. Wa mbichi ukipinda, joistiki inakwama upande mmoja.

mkazi_uyole:
Nimechungulia, doa linang'aa. Transfoma yenye 100 kamili naipata wapi?

fundi_chogo_IR:
Peleka kwa mafundi wanaosuka mota. Waambie 230 kwa 100, VA 500, nyaya za pande mbili zisigusane. Hapo unapata na ya kutenganisha humohumo.