"Boda boda" iliandikwa kwa gazeti mara ya kwanza lini? Nimekwama wadau

Mtoto_wa_Kondele
Niaje wadau. Mimi niko hapa Kisumu na hii kitu ilianza kama mchezo. Tulikuwa matanga Busia, ankoli yangu akasema yeye alibebwa na boda boda miaka ya sitini akiwa bado anavaa kaptura, baiskeli imewekwa kiti cha sponji nyuma, unatolewa geti ya Kenya unapelekwa geti ya Uganda, na jina lilitoka hapo hapo kwa border. Shemeji wa Malaba akakataa kabisa ati hiyo ni ya kwao, wazee wakaanza kupandishiana sauti hadi chai ikapoa.

Sasa nimejipa kazi ya kutafuta gazeti la kwanza kuandika hilo neno. Kwa Google Books nimepata moja ya 1963!! Nikampigia ankoli usiku huo huo. Lakini ukifungua unaonyeshwa mistari mitatu tu, na hiyo mistari inaongea mambo ya simu ya mkononi. 1963 simu ya mkononi ilitoka wapi jameni? Nifanye nini na nianzie wapi, niko free Jumamosi pekee.

Mchimba_Karatasi
Pole hahaha, sote tumepitia hapo. Hiyo 1963 mara nyingi ni mwaka jarida lilianza kutoka, halafu matoleo yote yaliyofuata yakapewa huo mwaka mmoja. Kwa kile kisanduku cha kutafuta ndani ya kitabu andika 1995, 1998, 2001, uone gani inakubali, hapo utajua toleo ni la lini. Usimwambie mtu mwaka kabla hujaona ukurasa wa mbele wenye tarehe. Na umpigie ankoli tena umwombe msamaha.

Nyuki wa Bungoma
Umetafuta ukiandika aje? Kuna boda boda, bodaboda, boda-boda, na gazeti la Kiingereza la zamani linaweza kuwa limeandika border border kabisa. Tena zile skani kompyuta inasoma vibaya, b inageuka h, o inageuka c, kwa hivyo neno liko hapo na search inakuambia hakuna. Mimi huacha neno natafuta majirani zake: baiskeli, abiria, Busia, magendo, kahawa. Ukipata habari ya polisi kushika watu wa baiskeli mpakani, soma yote kwa macho.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Kijana, tenganisha vitu viwili: kazi yenyewe na jina lake. Ankoli yako anaweza kuwa mkweli kuhusu baiskeli na bado awe amekosea kuhusu jina, kwa sababu sisi wazee tukisimulia mambo ya zamani tunatumia maneno ya leo bila kujua. Chukua neno "matatu". Kila mtu anajua hadithi ya nauli ya senti thelathini, kwa Kikuyu mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, na 1973 Mzee Kenyatta akayaruhusu kubeba watu bila leseni maalum, lakini ukitaka kujua neno lilikuwa limeenea kiasi gani kabla ya hapo, lazima ufungue magazeti ya kabla ya 1973.

Na gazeti halikuambii neno lilizaliwa lini, linakuambia tu kwamba siku hiyo lilikuwa tayari liko. Wahariri walikaa Nairobi, neno la vijana wa Busia lingewafikia limechelewa sana. Mimi ningeanza na ya Kiswahili, Taifa Leo kuanzia 1960, na Baraza iliyotoka 1939 hadi 1979, na nisingesoma habari kubwa kubwa, ningesoma barua za wasomaji. Watu huandika barua vile wanaongea.

Achi_K
Mbona mnasahau Uganda? Mpaka una pande mbili. Uganda Argus ya miaka ya sitini, halafu ikawa Voice of Uganda wakati wa Amin, na New Vision kutoka 1986. Kampala boda zilijaa kitambo, huku kwetu za pikipiki zililipuka baada ya ushuru wa pikipiki ndogo kuondolewa 2008. Mimi nadhani utalipata upande wa pili kwanza, na shemeji wa Malaba na ankoli wote watashindwa.

Nyuki wa Bungoma
@Achi_K hiyo usiseme ukiwa Busia lol

Mtoto_wa_Kondele
Asanteni sana wakuu. Nimeangalia, ile "1963" inakubali 2003, kwa hivyo imekufa. Jumamosi naanza na maktaba hapa Kisumu niulize wana Taifa Leo za miaka gani, wakikosa nitapanga safari ya Nairobi, jumba la nyaraka pale Moi Avenue.

Na @Mwalimu nimefanya vile umesema, nimempigia ankoli nikamuuliza, wakati huo mlikuwa mnaziita nini hasa? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Tulikuwa tunasema tu baiskeli ya kule chini."

Shemeji bado sijamwambia.