Kesi za Amal Clooney: tuzifuatilie wapi? Tovuti ninayoisoma imenichosha

msomaji_tanga
Wadau, habari za leo. Nina swali, ila kwanza niseme linaloniuma. Kuna tovuti ya habari ninayoifungua kila asubuhi kwa miaka mingi, jina siitaji. Ikimwandika Amal Clooney, wakili wa haki za binadamu, ni gauni, viatu, mumewe na nyumba yao ya Italia. Juzi nimezirudia habari zao 6 za mwisho kumhusu. Moja tu ndiyo imemtaja mteja wake, tena kwenye aya ya mwisho kabisa. Nimewaandikia mara 2, kimya.

Mwanangu wa kidato cha tano anataka kusomea sheria na huyu mama ndiye kioo chake. Akaniuliza, "Mama, kwani huwa anamtetea nani?" Nikakosa la kumjibu, na namsoma miaka yote hiyo!

Sasa nalinganisha. Nibaki hapo hapo nichuje mwenyewe, nihamie kwenye idhaa za Kiswahili za redio za nje, au niende kwenye tovuti za mahakama zenyewe? Bando langu ni dogo, na Kiingereza cha sheria ni kizito kwangu.

mwanasheria_mdogo
Pole dada. Mimi nachukua njia ya tatu, na nitakupa mfano mmoja tu. Januari 2015 Amal alisimama Strasbourg, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, upande wa Armenia, iliyoingia kama mhusika wa tatu kwenye kesi ya Perinçek dhidi ya Uswisi. Mwandishi akamuuliza amevaa nguo ya nani, naye akamtajia duka linaloshona majoho ya mawakili. Hilo joho likazunguka dunia nzima. Ila muulize yeyote kesi iliishaje!

Iliisha Oktoba mwaka huohuo, majaji 10 kwa 7. Perinçek ni mwanasiasa wa Uturuki aliyetiwa hatiani Uswisi kwa kukana kwamba Waarmenia waliuawa kimbari mwaka 1915. Mahakama ikasema Uswisi imevunja haki yake ya kujieleza. Yenyewe haikuamua kama yale yalikuwa mauaji ya kimbari au la, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa Waarmenia. Hukumu nzima iko bure kwenye hifadhi yao ya HUDOC, kwa Kiingereza na Kifaransa. Usianze na hukumu yenyewe, anza na taarifa yao kwa vyombo vya habari, ni kurasa chache tu. Ile ya The Hague, ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huonyesha vikao vyake mtandaoni kwa kuchelewa dakika 30, ila video itakumalizia bando.

mama_wa_mgahawa
Nitapingana nanyi kidogo. Mimi nilimjua kwa harusi ya Venice, Septemba 2014. Bila picha zile nisingejua kuna wakili wa jina hilo. Kutoka hapo nikamfikia mteja wake Nadia Murad, yule dada Myazidi (Wayazidi ni jamii ndogo yenye dini yake huko Iraq) aliyetekwa na kundi la kigaidi la ISIS akatoroka, ambaye mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kwa hiyo gauni lilinifungulia mlango. Na mhariri ana mishahara ya kulipa, jamani. Usiihame tovuti yako, soma kisha tafuta mbele.

mbali_na_nyumbani
Mama, nakuheshimu, lakini wengi huishia mlangoni. Mimi naishi Frankfurt. Hapa mahakamani ndipo alipohukumiwa Taha al-J., mwanachama wa ISIS, tarehe 30 Novemba 2021. Alimnunua mama wa Kiyazidi pamoja na bintiye wa miaka 5, akawafanya watumwa. Mwaka 2015, huko Fallujah, alimfunga yule mtoto kwa mnyororo nje kwenye jua kali, eti kumwadhibu, hadi akafa kwa kiu. Mama mtu alikuwepo. Baadaye alikuja kutoa ushahidi, na Amal alikuwa mmoja wa mawakili wake. Hukumu ilipokuwa inasomwa mshtakiwa alizimia, kikao kikasimamishwa kwa muda. Alipewa kifungo cha maisha na kuamriwa amlipe mama huyo yuro 50,000. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mwanachama wa ISIS kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wayazidi.

Sasa sikilizeni. Ujerumani sheria hairuhusu kamera wakati kesi inaendelea. Hakuna video ya kutazama baada ya dakika 30 wala baada ya mwaka. Mwandishi aliyekaa kwenye benchi ndiye jicho letu pekee. Akirudi na habari ya gauni, yule mama na mtoto wake tumewakosa kabisa. Kwa hiyo ndugu mwanasheria, njia yako ni nzuri kwa Strasbourg na The Hague, lakini hapa haitoshi.

fundi_redio
Redio zina faida moja: Kiswahili chake kinaeleweka na sauti haili bando kama video. Kasoro ni kwamba hukumu hutangazwa siku hiyo, kesho yake wamehamia kwingine. Mimi huongezea ripoti za TrialWatch, mradi wa taasisi ya Clooney wa kuangalia kesi. Waliifuatilia hata ya mwanaharakati Stella Nyanzi hapo Kampala, aliyefungwa mwaka 2019 kwa maandishi yake ya Facebook kuhusu Rais Museveni, kisha Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Ila kumbuka mradi ni wao, kwa hiyo humo usitegemee kuona Amal akikosolewa.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa shirika la habari la Reuters walikaa jela Myanmar zaidi ya siku 500 kwa kuchunguza mauaji ya wanaume 10 wa Kirohingya, jamii ya Waislamu wa huko. Amal aliwatetea, wakatoka Mei 2019. Ni waandishi wa habari hao! Chumba cha habari kinawasahau wenzao kwa ajili ya viatu?

msomaji_tanga
Ahsanteni sana. Nimemsomea mwanangu ujumbe wa Frankfurt, amenyamaza muda mrefu. Nitaishika redio kwa kila siku, na zile taarifa za Strasbourg atanitafsiria yeye, itakuwa mazoezi. Tovuti sijaiacha. Naandika barua ya tatu leo, safari hii bila kulalamikia gauni. Nawaomba kila habari ya kesi itaje mambo 4 juu kabisa: mteja nani, shtaka gani, mahakama ipi, kikao kijacho lini.

mbali_na_nyumbani
Ukiituma, weka na jina langu chini ya lako.

mama_wa_mgahawa
Na langu.