Naomba ushauri: magamba ya chaza kama kichocheo cha dizeli
Wakuu, niko Mombasa. Nakusanya mafuta yaliyokaangiwa viazi karai, nayageuza dizeli kwa methanoli (aina ya alkoholi). Kichocheo changu, yaani kitu cha kuharakisha mageuzi hayo, ni magamba ya chaza: yakichomwa karibu nyuzi 900 huachia hewa ya ukaa, ikabaki kalsiamu oksidi. Ni kigumu, kwa hiyo unakichuja na kukitumia tena. Kostiki soda, ambayo ndiyo kichocheo cha kawaida, huyeyuka humo humo, na kuiosha itoke kunakula maji, nasi maji tunanunua kwa mtungi!

Tatizo ni mafuta yaliyorudiwa sana. Yana asidi huru nyingi (asidi za mafuta zilizojitenga): chupa nzima inakuwa ukungu mweupe wa sabuni, na glisirini, ile zao la pembeni linalopaswa kutengana na dizeli, haishuki chini.

Je, ili kupunguza asidi huru hizo, nitangulize asidi ya salfuriki kidogo pamoja na methanoli? Na kwa kuchomea magamba, tanuri la chokaa litafikia joto hilo? Aliyewahi kujaribu anisaidie tafadhali.