Kocha ametuma mtu wa maji aje kunitoa uwanjani!!!

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinakosea herufi. Huyu mtu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayevaa filimbi shingoni kwenye mchezo usio na filimbi. Leo amevuka mpaka.

Mechi ya kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita). Niko katikati napiga, macho yameshauzoea mpira, ndiyo kwanza nataka kufungua mikono. Mara namwona mtu wa maji, yule wa akiba anayetuletea vinywaji, anakuja mbio. Nikadhani kaniletea glavu kavu. Anafika, anasema kwa sauti ambayo hata ampaya (mwamuzi) wa pembeni kasikia: "Kocha anasema upumzike."

Nipumzike! Nani kamwambia nimechoka? Siumwi, sijateguka, hata kofia ya chuma haijakwaruzwa.

Mtu wa MAJI, wakuu. Na maji yenyewe hakuja nayo.

Kipa wao akanipigia makofi. Si yale ya heshima, ni yale anayopigiwa mtoto aliyemaliza dawa.

Mnaojua sheria mnaelewa aibu yenyewe. Ukitoka bila kuumwa wala dharura, huwezi kurudi mpaka nahodha wa wapinzani aridhie, na usiporudi unaandikwa umestaafu, umetoka. Mrushaji hapewi hiyo wiketi, yaani sifa ya kukutoa. Kipa hapewi. Sasa kwenye kitabu cha alama mimi nimetolewa na nani? Na mtu wa maji!

Na huyuhuyu mwenye filimbi ndiye aliyetuganda kwenye neti za mazoezi: kiwiko juu, bati (gongo la kupigia) linyooke, zuia, mpira wa nje uache upite. Nimezuia. Nimeuacha upite. Ndiyo ananitumia mtu wa maji.

Nahama timu. Nawasilisha.

MzeeWaDoti: Pole mkuu. Ulikuwa na mikimbio mingapi kwa mipira mingapi?

Mleta mada: Hiyo siyo hoja. Hoja ni mtu wa maji.

KipaMkongwe: 😂😂 Anavyolikwepa swali, angekuwa anakwepa baunsa (mpira wa kudunda kuelekea kichwani) hivyo tungefika mbali.

SpinaPolepole: Tuambizane ukweli. T20, yaani mechi ya ova 20, ni mipira 120 basi. Ukila doti 30 (mipira isiyo na mkimbio) peke yako umekula robo ya chakula cha timu nzima. Hakuna aliyekutuma upige sita, mpira uvuke mpaka bila kudunda. Legeza mkono wa chini, mpira ufie miguuni pako, ita "ndiyo!" na ukimbie. Singo (mkimbio mmoja) moja moja zinatosha kumchanganya mrushaji, maana kila mpira inabidi apange upya, hasa mwenzako akiwa wa mkono wa kushoto. Halafu ova sita za kwanza wadakaji wanaruhusiwa wawili tu nje ya duara la katikati ya uwanja. Uwanja mtupu kule nyuma, wewe unazuia. Unamzuia nani?

Mleta mada: Wewe ulikuwepo? Ulimwona anavyokuja? Alikuwa ANAKIMBIA jamani, kama kuna moto.

KipaMkongwe: Basi leo alikimbia kuliko wewe.

KitabuChaAlama: Mleta mada usijione wa kwanza. Aprili 2022 Ravichandran Ashwin alitoka hivyohivyo akiwa na mikimbio 28 kwa mipira 23, mara ya kwanza kutokea IPL, ligi ya India. 2025 ikawa zamu ya Tilak Varma, 25 kwa mipira 23. Siku hizi ni mbinu tu, ova zinaisha na wapigaji wazito bado wamekaa na pedi.

MzeeWaDoti: Kumbe hata mwenye 28 kwa 23 anatoka. Haya mkuu, wewe ngapi?

Mleta mada: Hao waliletewa mtu wa maji? Nijibuni hilo kwanza.

KushotoTupu: Mimi niko na mleta mada. Makocha wa siku hizi wanaharibu watu. Wangu kanibadilisha mshiko mpaka sijui tena bati linashikwaje. Bradman, yule mpigaji wa Australia, utotoni alijifua kwa kijiti cha wiketi na mpira wa gofu, anaupiga kwenye kitako cha tangi la maji, kocha hayupo. Akamaliza Test, zile mechi ndefu za kimataifa, kwa wastani wa mikimbio 99.94.

KipaMkongwe: Bradman tangi la maji, mleta mada mtu wa maji. Kila mtu na riziki yake.

MzeeWaDoti: 😂😂😂 Uzi ufungwe hapa.

FainLegiMilele: Nyie mnalia na mmebati. Mimi nasimamishwa fain legi, kule nyuma ya mpigaji karibu na ua, ova ikiisha natembea uwanja mzima kwenda fain legi ya upande wa pili. Nimefahamiana na ua wa uwanja. Kurusha sijui kunafananaje. Anarusha nahodha, rafiki yake, na shemeji yake ambaye kila ova anatoa waidi (mpira usiofikika) mbili.

YokaTu: Afadhali yako. Mimi jana nimenyimwa LBW (mguu kuzuia mpira unaokwenda kwenye vijiti) tatu. Ampaya ni mtu wa timu yao, anasubiri zamu yake ya kubati, ameshavaa pedi! Ampaya mwenye pedi anampa nani out? Ya tatu imemgonga mbele ya kijiti cha kati kabisa.

SpinaPolepole: Ilitua wapi? Ikitua nje upande wa legi, yaani upande wa miguu ya mpigaji, hakuna LBW, hata kama ingevunja vijiti vyote.

YokaTu: Haikutua popote, ilikuwa yoka, mpira wa kulenga miguuni. Soma jina langu.

SpinaPolepole: Yoka inayogonga goti?

YokaTu: Nani kasema goti? Kidole cha mguu! Bado anachechemea, nenda kamuulize.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu wa maji anafika, namuuliza kwa nini, anasema "mimi nimetumwa tu"...

FainLegiMilele: LBW zetu na sisi hazitolewi. Siku shemeji anarusha, zinatolewa.

MgeniNeti: Samahani wadau, naingilia. Nimenunua bati jipya la mti wa mwerezi, naweza kulitumia Jumamosi hivihivi?

KitabuChaAlama: Mwerezi?? Bati ni la mti wa willow, mkuu, angalia ulichouziwa. Na kama ni willow, usithubutu. Litapasuka. Lipake mafuta ya kitani kidogo, likauke, kisha uligonge kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa, polepole kwanza. Kingo uzigonge kwa pembeni na usizisahau, huko ndiko yanakopasukia. Ukimaliza, anza na mpira wa zamani kwenye neti.

MgeniNeti: Nyundo hiyo naipata wapi?

FainLegiMilele: Ya timu yetu iko kwa shemeji.